Shelter City ya Uholanzi: yafaa kwa nani, na fomu hukwama wapi

Mpango huu wa kuwapa watetezi wa haki za binadamu hifadhi ya muda ulianzia The Hague mwaka 2012, na sasa Utrecht, Groningen, Nijmegen, Maastricht na miji mingine kadhaa ya Uholanzi nayo inapokea wageni. Anayeuendesha ni shirika la Justice & Peace, Wizara ya Mambo ya Nje inachangia fedha, manispaa ndiyo mwenyeji. Unakaa miezi mitatu. Nauli ya ndege, malazi, posho na bima ya afya hulipi kutoka mfukoni mwako, na mafunzo ya usalama yamo humo humo. Kwa mwanasheria au mwandishi aliyeishi mwaka mzima akichungulia dirishani, tunaipa nyota nne. Kwa aliyegongewa mlango usiku wa jana, haimfai.

Maombi hupokelewa kwa awamu, kisha kuna mchujo, kisha viza. Hapo miezi inakatika. Mwenye dharura aanzie Front Line Defenders, shirika la kimataifa la kulinda watetezi, wenye simu ya saa 24 na ruzuku isiyozidi yuro 7,500 ya mambo kama wakili, ulinzi wa nyumba au kuhama. Au aulizie Ubuntu Hub Cities, mpango wa hifadhi ndani ya Afrika wa mtandao wa watetezi wa AfricanDefenders: Kampala ni mmoja wa miji yake, na Mkenya au Mtanzania hahitaji viza kuingia Uganda.

Fomu nyingi dhaifu zinafanana: “natishiwa sana na watu wasiojulikana”. Mchujaji afanye nini na hilo? Andika tarehe, saa, maneno yenyewe yaliyotamkwa, namba iliyopiga, na kazi uliyokuwa umeitoa wiki ile. Kama uliripoti polisi, weka namba ya taarifa uliyopewa kituoni, yaani RB (Kenya, OB). Kama uliogopa kuripoti, sema hivyo na useme kwa nini. Unaowataja kwenye fomu wakushuhudie wawe wanaijua kazi yako, na wapewe taarifa mapema. Barua ya mkubwa asiyekumbuka jina lako vizuri inaharibu kuliko kusaidia.

Viza nayo ina mtego wake. Ile ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku za safari zilizopita zinahesabiwa. Aliyekwenda kwenye kongamano la siku kumi Brussels miezi miwili nyuma amebakiwa na 80. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Alama za vidole hutolewa ana kwa ana, na pasipoti iliyoshikiliwa polisi huzima safari nzima.

Kasoro kubwa kwetu ni familia. Kwa kawaida unakwenda peke yako, na lazima uwe tayari kurudi nyumbani muda ukiisha. Anayetishiwa pamoja na watoto anabaki na swali gumu: nani analala nao siku hizo 90? Panga hilo kabla hujagusa fomu, kwa sababu ukishapewa nafasi, muda wa kupanga ni mdogo.

Kwa kawaida Kiingereza cha mazungumzo kinatakiwa. Utaombwa pia kuzungumza hadharani kuhusu kazi yako, ila kwa kadiri usalama wako unavyoruhusu; suala la picha na jina lako kamili limalizeni kwa maandishi wiki ya kwanza.