Tathmini ya usonji ukubwani: kurasa 11 na hitimisho lisiloeleweka

Huduma ninayoizungumzia ni tathmini ya usonji kwa watu wazima, niliyofanyiwa katika kliniki moja binafsi nikiwa na umri wa miaka 38. Iliishia kwenye ripoti ya kurasa 11 yenye hitimisho la sentensi moja: "Sifa za usonji zipo, lakini ushahidi hautoshi kuthibitisha." Nimengoja miezi kadhaa kabla ya kuandika, maana wiki ile ya kwanza ningeandika kwa hasira tupu.

Upimaji wenyewe sina la kuulaumu. Mwanasaikolojia alikuwa mtulivu, alinieleza kila hatua mapema, na taa kali ya chumbani aliizima kabla sijaomba. Nilijaza hojaji ya AQ, ya kupima sifa za usonji, yenye maswali 50 nikapata 36, juu ya kikomo cha 32 kilichopendekezwa na watunzi wake mwaka 2001. Kisha tukafanya ADOS-2, kipimo cha ana kwa ana ambamo, miongoni mwa mengine, nilitakiwa kusimulia hadithi kutoka kwenye kitabu cha picha kisicho na maneno (dakika ambazo sizikumbuki kwa fahari). Hapo nilikuwa chini kidogo ya kikomo.

Kasoro iko kwenye ripoti. Iliziweka alama hizo mbili sambamba bila kueleza kwamba hazipimi kitu kimoja: hojaji humuuliza mtu anavyojijua mwenyewe, ilhali ADOS-2 huhesabu kile ambacho mpimaji amekiona katika kikao kimoja. Ukurasa wa 6 unasema kwamba ninamtazama mzungumzaji machoni ipasavyo. Kumbe muda wote nilikuwa nikitazama katikati ya nyusi zake, nikihesabu moja hadi tatu, kisha nikihamishia macho kwenye kalamu yake, mazoea niliyojifundisha tangu shuleni. Hakuna aliyeniuliza ninafanyaje, nami sikujua kwamba ni jambo la kusemwa.

Kilichoiokoa huduma hii ni kikao cha ufafanuzi, ambacho ilinibidi nikiombe mwenyewe ingawa kilipaswa kuwa sehemu ya kazi. Nilikwenda na swali moja tu: ni kigezo gani hasa ambacho hakikutimia? DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, unataka vigezo vyote 3 vya mawasiliano na mahusiano vitimie, angalau 2 kati ya 4 vya tabia za kujirudiarudia na hisi vitimie, na dalili ziwe zilikuwapo tangu utotoni hata kama zilijitokeza wazi baadaye. Mwanasaikolojia alikiri kwamba alama ya ADOS-2 peke yake haiamui, na kwamba alipokwama ni kwenye utoto, kwa kuwa wazazi wangu wamefariki na hapakuwa na wa kuhojiwa. Jambo hilo, ambalo lingetosha aya moja, halimo popote katika kurasa zile 11, nami nilikuwa nimekwisha kujiaminisha kwamba wamenihesabu mzushi.

Tulikubaliana kwamba ripoti za shule zinaweza kuziba sehemu ya pengo hilo. Nimempelekea 3, mojawapo ya darasa la 2, ambamo mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Anacheza peke yake. Hulia kengele ikigongwa."

Kwa sasa natoa nyota 3 kati ya 5: upimaji ungepata 5, ripoti 1. Nikipata ripoti iliyopitiwa upya nitarudi kurekebisha.