Mpira wa levo kwa kupima lambo la ng'ombe: ununue upi, uutumie vipi

Kwa mfugaji wa Nachingwea au Kilwa anayetaka kujua mteremko kabla ya kuchimba lambo, mpira wa levo wa mafundi ujenzi ni bora kuliko programu ya simu. Simu hukosea kimo kwa mita kadhaa. Mpira, ukitumiwa vizuri, hukosea sentimita moja hivi.

Chukua unaoonyesha maji ndani, mita 20, tundu la milimita 10. Ule wa milimita 6 ni nafuu, ila maji hutulia polepole na viputo hung'ang'ania. Funga ncha zake kwenye miti miwili ya mita 2 iliyochorwa sentimita kuanzia chini. Jaza kwa kuvuta maji kutoka ndoo iliyoinuliwa (lita moja na nusu hivi); ukimimina kwa kikombe, viputo vitaingia. Kisha simamisha miti pamoja mahali tambarare: maji yasipolingana, kuna kiputo.

Mkihama, zibeni ncha kwa vidole. Kabla ya kusoma, zifungueni zote mbili. Mti mmoja ukisoma 90 na mwingine 110, penye 110 ndipo chini, kwa sentimita 20. Wengi hugeuza hapa, na mfereji wao unapandisha mlima.

Mfereji wa kuleta maji ushuke sentimita 3 hadi 5 kila mita 10. Ukizidi, mchanga wa huku unachimbika. Ukipungua, unajaa tope. Utoro wa maji (njia ya kutolea maji yanayozidi lambo) ndio wa kupima mara mbili: sakafu yake iwe mita 1 chini ya kilele cha tuta la lambo, ipite kwenye ardhi isiyochimbwa. Mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi. Tuta la udongo lisilo na utoro litasimama wapi? Tuta lenyewe liongezwe asilimia 10 ya kimo, maana litashuka.

Kasoro ya mpira ni jua: upande mmoja ukipata joto na mwingine ukiwa kivulini, vipimo vinadanganya. Pima asubuhi. Ukiuhifadhi na maji ndani, unaota ukijani na husomi kitu.

Wala mpira haukuambii kama udongo unashika maji. Kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde, lambo lililopimwa barabara hukauka mapema vilevile. Chimba shimo hadi kina cha lambo, lijaze jioni, likague asubuhi. Likiwa tupu, tafuta bonde lenye mfinyanzi.