Deni la shahada ya lishe: kuajiriwa au kujiajiri?

Mhitimu wa lishe aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, akiajiriwa kuwa afisa lishe wa halmashauri mjini Moshi, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 hata kabla hajalipa pango. Ni makato mazito, kwani kabla ya 2016 yalikuwa asilimia 8, lakini hupanda na kushuka kulingana na mshahara wenyewe.

Aliyejiajiri, tuseme anayesaga na kufungasha unga wa lishe jirani na soko la Kilombero, Arusha, anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato au angalau 100,000 kwa mwezi. Asilimia hiyo inavutia, ila mwezi ambao karanga zimepanda bei na nusu ya pakiti bado zimelala dukani, ile 100,000 haipungui. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, nayo ni nafuu kwa wote wawili. Mimi ningeanza na ajira, hata ya mkataba, unga nikausaga Jumamosi.