Masomo ya Jumamosi barabara ya Kasapa: eksirei, almasi na presha kubwa

Kama uko Lubumbashi na unasoma kemia ao fizikia, umeshasikia yale masomo ya ziada ya Jumamosi mu nyumba moja ya barabara ya Kasapa. Jina lao naacha, maana kuna vitu nitasema hapa chini havitawapendeza. Mi nilienda kwa mada ya kemia inayoanzishwa na eksirei chini ya presha kubwa, franka 10 000 kikao, silabusi unalipa mbali.

Profu kwanza, yeye njo sababu ya kwenda. Hakuanza na fomula hata moja, aliuliza tu: kifungo cha oksijeni na hidrojeni ndani ya maji kinataka nishati ya elektronivolti 5 hivi kukatika, fotoni moja (punje moja ya mwanga) ya eksirei kali iko na 10 000, sasa zile zingine zote zinaenda wapi? Salle nzima kimya. Njo akatuelezea polepole, fotoni inang'oa elektroni ya ndani kabisa ya atomu, panabaki tundu, elektroni ya juu inashuka kuziba, nishati inayobaki inatupa zingine nje, hizo nazo zinagonga jirani na jirani wa jirani mpaka vifungo vinakatika, na hapo hakuna mtu aliyewasha moto wowote. Nyuma yangu kuna mama mmoja mwalimu wa sekondari, aliandika bila kuinua kichwa.

Halafu almasi. Mbili zinatazamana ncha kwa ncha, katikati kipande kidogo cha bati la chuma chenye katundu, mule njo unaweka kitu chako, unakaza, unafika kwenye magigapaskali (1 tu ni kama mara 10 000 ya presha ya hewa tunayovuta). Wamarekani walitoa hii kitu mwaka 1958. Almasi inavumilia, na tena eksirei kali zinaipita. Kijana mmoja akauliza kama jiwe la Mbuji-Mayi linaweza, profu akacheka, akasema nyingi za kule ni za viwanda, hapa unataka safi isiyo na ufa.

Utamu ulikuwa kwenye mifano. Mwaka 2006 timu ya mtafiti Wendy Mao ilipiga eksirei kwa muda mrefu kwenye barafu VII, ile maji yanageuka kuwa ukiyakandamiza kuanzia gigapaskali 2 hivi bila kuyapoza, na molekuli zikakatika, ikabaki kitu kigumu kipya cha oksijeni (O2) na hidrojeni (H2) pamoja. Walioenda kutazama tu na eksirei wajue basi, taa yenyewe inaweza kubadilisha kile unachotazama! Na Michael Pravica wa chuo kikuu cha Nevada, Las Vegas, yeye akaona faida mule mule: kuingiza gesi kati ya almasi mbili ni kazi ya kuumiza kichwa, basi weka unga wa klorati ya potasiamu, upige eksirei, oksijeni inatoka yenyewe ndani, inabaki kloridi ya potasiamu. Mi hiyo tu ingetosha kulipa ile franka 10 000.

Sasa mabaya. Wanachelewa kuanza, umeme ukikatika grupu (jenereta) inawashwa chini ya dirisha na profu anabaki kupiga kelele. Lakini silabusi njo imeniudhi kweli, ni fotokopi ya fotokopi, spektra za Raman (michoro ya mwanga inayoonyesha molekuli gani zimo) za kabla na baada ya eksirei zilikuwa na rangi, sasa mistari yote miwili nyeusi, huwezi jua ipi ni ipi, na ushahidi wote uko pale! Tena ukurasa wa barafu wameandika megapaskali pahali pa gigapaskali. Megapaskali 2, hata chupa ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea inaipita mbali sana. Mtoto wa watu ataingia na hiyo mu mtihani.

Tena waseme mapema kwamba hakuna majaribio, hii kazi inataka sinkrotroni (mashine kubwa inayotoa eksirei kali sana) na Afrika yote haina hata moja, kuna waliokuja wakifikiri wataona mashine.

Nyota 4 kwa profu, 1 kwa silabusi. Lipa kikao, silabusi uiache, piga picha ubao na simu, yeye mwenyewe anakubali. Na ukae mbele, mbali na dirisha.