Dona ya kusagisha Moshi: unga mzuri, ila ukague mahindi kwanza

Kwa anayetaka ugali unaoshikilia tumbo mpaka jioni, dona ya kusagisha mwenyewe inaishinda sembe, na mara nyingi hata dona iliyokaa dukani. Mahindi ya debe yapo soko la Mbuyuni, na mashine zipo mitaani. Ila uzuri wa unga unaamuliwa kabla hujafika mashineni.

Sembe ikikobolewa, pumba na kiini huondoka pamoja na nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini ya chuma na zinki. Dona haipotezi hivyo vyote. Lakini sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa dona yanaleta sumu nyingi kuliko yangekobolewa. Moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, tena kwa chakula cha kila siku.

Basi usinunue debe kwa kuangalia juu tu. Ingiza mkono mpaka chini, toa konzi, nusa. Harufu ya uvundo ikitoka, acha. Nyumbani mwaga kwenye ungo, upete, kisha uchambue kwa macho: ondoa punje zenye ukungu, zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizotobolewa na dumuzi. Kazi hii inachosha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Unyevu upime kwa chupa kavu ya kioo: jaza mahindi theluthi, tia vijiko vichache vya chumvi laini iliyokauka, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani.

Mashineni, uliza kama hapo husagwa pia chakula cha kuku. Unga wenye harufu ya dagaa chanzo chake mara nyingi ni hicho. Konzi za kwanza zikisagwa ziweke pembeni, maana zimebeba mabaki ya aliyetangulia. Nyundo za mashine zikichakaa huacha chembe za chuma. Pitisha sumaku kwenye unga, utaziona zimenasa. Unga ukiwa na chenga kubwa kuliko kawaida, huenda chekeche limetoboka.

Kosa linaloharibu dona nyingi ni kufunga kiroba unga ukiwa bado wa moto. Mvuke unageuka maji ndani, mabonge yanatokea, ukungu unafuata. Utandaze kivulini upoe kabisa. Kiini kina mafuta, hivyo dona huchachuka mapema kuliko sembe na kuwa chungu. Saga ya wiki mbili tatu tu, hasa wakati wa masika.

Jikoni inataka maji zaidi na subira: anza na uji, uache uchemke vizuri, songa, kisha funika moto mdogo dakika chache. Wanaolalamika kwamba inakwaruza koo wengi wameiepua mapema. Kula na mchicha uliokamuliwa limau, na chai ya rangi isubiri kama saa moja, kwa sababu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mwenye kisukari apime tonge vilevile. Dona bado ni wanga.

Asiye na muda wa kuchambua anunue mfuko mdogo wa kiwandani wenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya karibuni ya kusagwa.