Kujifunza Android Studio: kitabu au video?

Kwa Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, mimi nachagua kitabu kwanza. Video inakimbia na mkono wa mwalimu: kabofya, dirisha limefunguka, limefungwa, nawe unarudisha nyuma mara ya nne huku bando linakwisha. Kitabu kinakungoja. Chukua sura ya kusaka makosa: unabofya pembeni mwa namba ya mstari wa msimbo, nukta nyekundu inatokea, na programu ikifika hapo inasimama. F8 inakupeleka mstari unaofuata, F7 inakuingiza ndani ya fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa na mstari huo. Ukiyasoma mambo haya taratibu, vidole vikiwa kwenye kibodi, hayakutoki tena.

Ila kitabu huchakaa upesi. Kilichoandikwa kabla ya toleo la 1.0, Desemba 2014, huenda kinakufundisha Eclipse, programu iliyotumika kutengenezea app za Android kabla yake. Kwenye usakinishaji, basi, tazama video mpya.