Parokia yetu ndogo huku pembeni ya Goma: misa, shirika, na yote nimeona miaka tatu

Bandugu, wiki ilipita kuko dada mumoja aliniuliza, kama mutu anahamia huku kwetu pembeni ya muji, upande wa mulima, asalie wapi? Nikaanza kumujibu kwa vokali za WhatsApp, nikaona vokali zimefika tano na hata ku korali sijafika, njo maana naandika hapa ili na bengine basome.

Jina ya parokia sitaiandika, juu kuko mambo nitasema yenye haiko ya kusifu na sitaki padri wetu aone kama namuanika mbele ya batu. Mwenye anakaa huku atajua tu. Ni ile kanisa ya mbao na bati, chini ni mawe ya volkano tulisawazisha sisi wenyewe mu salongo (kazi ya pamoja ya bure), na kengele ni jante (chuma ya gurudumu) ya kamyo imetundikwa ku muti wa avoka, kuko papa mumoja muzee anaipigaka na chuma saa 11 na nusu kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe. Nimeanza kusalia pale mwaka 2022.

Mbele nilikuwa nasalia katikati ya muji, parokia kubwa, misa tatu kila siku ya Mungu, korali iko na piano na batu benye balisoma muziki kweli, mikro inasikika mpaka ku barabara. Siwezi kuisema vibaya, pale njo nilifungia ndoa. Lakini wakati nilizala mutoto wa tatu nilikaa miezi tatu bila kufika, na siku nilirudi, yule mama tulikuwaka tunakaa naye benchi moja akanipatia mukono, amani ya Kristo, sawa vile kila wiki, akageuka kusalimia mwengine. Hakujua kama nilikosekana. Si kosa yake, batu beko mingi sana pale, lakini nilirudi ku nyumba na kitu imenikaba hapa ku koo, na ile kitu njo nataka musikie mu hii yote naandika.

Sasa misa. Ya kwanza inaanza saa 12 na nusu asubuhi, Kiswahili tupu, njo ile nakushauri. Ya pili saa 3, inachanganya Kiswahili na Kifaransa, njo ya bijana na batoto, inachelewaka kuanza mara mingi. Misa yetu ni ile ya desturi ya Kongo, ile yenye Roma ilikubali mwaka 1988, wakati inchi ilikuwa ingali inaitwa Zaïre. Kama unatoka Tanzania ao Kenya utashangaa kidogo: tunaanza kwa kuita batakatifu na mababu benye balitembea njia ya haki, Injili tunaisikiliza tukiwa tumekaa, sawa vile unakaa kusikiliza mukubwa akisema neno ya maana, na maombi ya toba haiko mwanzoni, inakuja nyuma ya mahubiri na Nasadiki, halafu palepale tunapeana amani. Mimi naona ile mupango ni ya hekima. Unasikia kwanza Neno, inakuchoma, njo unaomba musamaha, njo unashika mukono ya jirani, na njo unabeba matoleo yako mbele. Nimeona bibi na bwana benye walinuniana wiki muzima bakishikana mikono pale katikati, na kila mutu mu kanisa alijua maana yake.

Matoleo nayo uione siku ya mavuno. Bamama banaingia bakicheza na mabeseni ya maharagi ku kichwa, mikungu ya ndizi, viazi, mufuko ya makala, siku moja kuko mutu alileta kuku mbili zimefungwa miguu na moja ikaponyoka mbele ya altare, batoto bakakimbia yote. Misa ikiisha ile bitu banaipigaka munada pale inje na unaweza kurudi na maharagi kwa bei muzuri, na pesa inaenda ku kazi ya parokia.

Korali iko na sauti, piano haiko. Ngoma tatu, kayamba, na bamama benye sauti yao inapasua bati. Mikro iko moja na betri yake inakufa katikati ya mahubiri karibu kila mara, juu kura (umeme) haifikake huku kwetu sawasawa, kwa hiyo kaa mbele kama unataka kusikia padri. Nilikuwa naona ile ni shida kubwa, leo sioni tena vile, padri akiona mikro imekufa anashuka anakuja kusimama katikati yetu na anasema polepole, na mimi naona mahubiri yake ya muzuri zaidi njo ile amesema bila mikro.

Kitu yenye sipendi, na nitaisema wazi juu nimeisema hata mu mukutano: matangazo. Nyuma ya komunyo tunakaa nusu saa, mara mingine zaidi, komite ya ujenzi, komite ya hii, komite ya ile, na mubaya zaidi ni kusoma majina ya batu na pesa kila mumoja alitoa. Tangu mwezi wa kwanza ya 2025 banki za Goma zilifunga, pesa ya mukononi iko ngumu, noti zenyewe zimezeeka mpaka zinapasuka mu mukono, batu banakula mara moja kwa siku, halafu unasimama mbele ya kanisa muzima unasoma kama mama fulani alitoa franka 500? Nilimuona yule mama. Aliinamisha kichwa, akavuta kitenge akafunika mutoto wake kama vile njo mutoto alikuwa na haya, na wiki mbili hakuja. Mujane wa mu Injili alitoa bisarafu mbili na Yesu hakusoma jina yake. Naomba ile desturi iishe, naomba kabisa, na kama kuko mukubwa wa parokia anasoma hii basi anisikie.

Ofisi ya sekreteri haiko mubaya kama unajua saa. Kuja asubuhi siku ya kazi, leta kikaratasi ya shirika yako (jumuiya ndogo ya mutaa) yenye saini ya mukubwa wa shirika, bila ile hauandikwe, iwe ubatizo wa mutoto, iwe ndoa, iwe misa ya marehemu. Mimi nilirudishwa mara mbili na nilikasirika sana siku ile, nilitembea na mutoto ku mugongo kwa jua, lakini leo naelewa kwa nini banauliza, na nitafika pale. Katekesi ya batoto ni siku ya posho asubuhi, Jumamosi kwa benye banasema vile, na kuko kikundi ya Kizito-Anuarite na kikundi ya Xaveri, yaani vyama ya Kanisa ya batoto na bijana, batoto yangu bawili beko mule na banarudi bakiimba mpaka usiku.

Sasa nifike ku shirika, juu ile njo parokia yenyewe. Kwa benye hamujui: parokia imegawanyika mu mashirika, kila shirika ni nyumba za mitaa moja ao mbili, tunakutana siku ya tatu, yaani Jumatano, saa 10 ya jioni, leo kwako kesho kwangu, mu sebule kama inatosha ama inje ku lupango (kiwanja ya nyumba) juu ya mawe. Maaskofu ya Kongo balichagua hii njia ya jumuiya ndogo tangu mwaka 1961, mbele hata ya Mutaguso wa Pili wa Vatikano, ule mukutano mukubwa wa maaskofu ba dunia yote, kuanza, na mimi nazani hakuna kitu bazee bale balituachia yenye inapita hii. Tunasoma Injili ya siku ya Mungu yenye inakuja, kila mutu anasema neno yenye imemugusa, hata mama mwenye hajasoma, na yule mama njo anasemaka maneno yenye nabaki nayo wiki muzima. Halafu tunasali, halafu inakuja swali moja yenye mukubwa wa shirika anaulizaka kila wiki bila kukosa: nani hayuko leo, na kwa nini?

Ile swali tu. Mu muji sikuisikiaka hata siku moja.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilishikwa na tifoide, nilikuwa sijazoeana na batu, shirika nilikuwa nimeenda mara nne ao tano na kukaa karibu ya mulango. Siku ya tatu ile sikuja. Kesho yake saa 12 ya asubuhi nasikia hodi, ni mama mukubwa wa shirika na bamama bawili, mumoja na bidoni ya maji ku mugongo, na munajua huku maji inatoka wapi na inauzwa bei gani, mwengine na sufuria ya uji. Hawakuuliza mingi. Mumoja akafua manguo ya batoto, mwengine akawasha makala, yule mukubwa akakaa ku kitanda yangu akasema Salamu Maria kumi kwa sauti ya chini halafu akaniambia, mwanangu, jana tulikutafuta. Bwana yangu alikuwa safari, nikalia pale kama mutoto. Walizunguka vile siku tisa, kila siku nyumba ingine, na nyuma niliona kuko daftari: nani anapeleka maji, nani anapeleka chakula, nani atalala pale kama homa inapanda.

Na ku kilio njo vile. Mutu akikufa, mbele hata familia haijafika kutoka Rutshuru ama Masisi, shirika imeshafunga shitingi (turubai), imeleta viti, kuni za kuota moto usiku, unga na sombe (majani ya muhogo), na batu ba kulala pale inje na bafiwa mpaka siku ya maziko. Pesa ya sanduku inatoka ku kasha ya shirika, kila nyumba inatoaka kidogo kila mwezi, na pale hakuna mwenye anasoma jina ya mutu. Sasa munaelewa kwa nini sekreteri anaombaka saini ya shirika: anataka kujua kama kuko batu benye banakujua.

Mama yangu anakumbukaka mwaka 2002, tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, wakati lava ya volkano Nyiragongo ilishuka mu muji na ikakula katedrali ya Saint-Joseph. Anasema waliporudi kutoka Gisenyi, ku Rwanda, hakukuwa kanisa, hakukuwa benchi, hakukuwa hata barabara ya kufika, mawe ingali ya moto, lakini Jumatano shirika yao ilikutana mu lupango ya jirani sawa vile kila wiki na mukubwa akauliza nani hayuko. Ile siku ile swali ilikuwa nzito. Huku kwetu bazee banasema hivyohivyo juu ya tarehe 22 ya mwezi wa tano mwaka 2021, wakati Nyiragongo ililipuka tena, ilikuwa siku ya posho jioni, kesho yake Pentekoste, na batu walilala ku barabara bakiangalia mbingu nyekundu, na Pentekoste yenyewe walisali kwa bikundi bikundi pale walikuwa wamefikia.

Kitu ingine ya kusifu ni mahubiri juu ya Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Mutoto wa Goma, alifanyaka kazi ya kukagua bidhaa ku mpaka, akakataa rushwa ya kuachilia chakula yenye imeoza ipite iuziwe batu, bakamuua mwezi wa saba 2007, alikuwa na miaka 26. Siku alitangazwa Mwenye Heri kule Roma, tarehe 15 ya mwezi wa sita 2025, bijana balikusanyika mbele ya kanisa na simu mbili, mega za internet zikaisha katikati, batu bakachanga bakanunua zingine. Padri wetu hamutaje kama sanamu, anamutaja kama jirani. Siku moja alisema, wewe mwenye unauzisha unga pale soko, ile kipimo yako, Floribert angeipitisha? Kanisa ilikuwa kimya mpaka nilisikia jante ikigongana na muti kwa upepo. Kuko mama mumoja wa soko mu shirika yetu, ile wiki alibadilisha kopo yake ya kupimia mbele yetu yote, na hakuna mutu alimulazimisha.

Kama ni kupatia maksi: misa ya kwanza 5 juu ya 5, ya pili 3 kwa sababu ya kuchelewa, matangazo 1, sekreteri 3, shirika sijui namba gani itatosha. Yote pamoja ninapatia 4.

Kufika: moto (pikipiki) inakuacha ku barabara ya lami, unapanda kwa miguu dakika kumi mu njia ya mawe, vaa viatu ngumu, usivae biatu bya kisigino kama ni siku ya mvua. Ingia ukae upande wa kushoto, upande wa kulia bati inavuja. Na usiende ku nyumba misa ikiisha, baki pale ku muti wa avoka, mama mwenye kitenge ya Legio ya Maria atakuja kukuuliza unakaa mutaa gani. Mwambie kweli, na mupatie namba ya simu, juu Jumatano ile yenye hautafika atakupigia.